Goti lililopona lenyewe

Katika kituo kimoja cha afya kando ya barabara ya Embu kwenda Meru yupo afisa wa kliniki ambaye wenyeji humwita daktari tu. Mtoto akiletwa kwake akichechemea, haanzi na goti linalouma. Huuliza kabla ya goti kiliuma kiungo gani, na kabla ya hicho kipi. Kisha huchora umbo la mtu nyuma ya daftari la matibabu na kutia mishale: goti la kulia Jumatatu, kifundo cha mguu Jumatano, kiwiko mwisho wa juma. Swali la mwisho humshangaza mzazi: wiki mbili tatu zilizopita, mtoto huyu aliumwa na koo?

Mishale hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani. Goti linavimba, linapata moto, hata shuka likiligusa mtoto analia. Halafu linatulia na kifundo kinashika zamu. Maumivu yanahama, na yanakotoka hayaachi kovu wala kilema. Majirani watasema ni baridi tu, au kagongwa mpirani. Pengine atapimwa damu aambiwe ni brusela, maana penye ng'ombe wa maziwa ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila homa yenye maumivu ya viungo.

Mshukiwa wa daktari ni bakteria wa koo, streptokokasi. Ajabu ni kwamba ukifyonza maji ya goti lile humkuti humo. Linaloshambulia ni jeshi la mwili wenyewe: kinga iliyojifunza kumtambua bakteria kwa protini za ganda lake, nazo zinafanana na protini za mwili, hasa za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Sauti ya daktari hupanda tukifika kwenye tembe za maumivu. Aspirini na jamaa zake huyatuliza maumivu haya upesi mno, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Mama kanunua tembe dukani, mtoto kaamka anacheza. Nani atalipa nauli ya matatu kurudi kliniki? Kwa daktari, goti linalopona hivyo ni ushahidi uliofutwa. Viungo husamehe, anasema, vali za moyo hazisamehe. Kila shambulio jipya huongeza kovu, na wapo wanawake wanaogundua wana moyo mbovu wakiwa tayari wajawazito, pumzi ikiwakatika.

Na dawa ni ya zamani na ya bei nafuu. Koo likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9 tangu lianze kuuma, homa huzuilika. Aliyekwisha kuugua hudungwa penisilini ya kudumu kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi. Ni sindano nzito, na mtoto huondoka akichechemea kwa sababu yake. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto 818 wenye dalili za mwanzo katika moyo. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kuwa baada ya miaka 2 hali ilizidi kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Daktari hana ubishi na namba hizo. Kinachomshinda ni kumwambia mzazi wa mtoto anayekimbia uwanjani kwamba mwanawe ni mgonjwa, na kumwambia tena mwezi ujao.

Nilimuuliza kuhusu watoto watatu wanaolala kitanda kimoja, wote koo limewauma: mbona homa humchagua mmoja? Alitaja urithi wa damu, kisha akakiri kuwa hilo halimtoshi hata yeye.

Nje alikuwa akingoja mama wa makamo, vidole vimepinda kwa yabisi ya aina nyingine, ile ya kudumu. Alitaka kujua kama fizi zake zinazotoka damu zinahusika. Wanasayansi wanawashuku kweli bakteria wa fizi, ila kesi bado haijaisha. Daktari alimwandikia aende kwa daktari wa meno. Kuhusu vidole, hakumwahidi kitu.