Ibada na Mizani

Neno ibada, ambalo Mkristo wa Singida hulitamka kila Jumapili asubuhi anapowahimiza wanawe wasije wakachelewa, lina nasaba ndefu kuliko tunavyodhani wengi wetu. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, ambamo shina lake ndilo lile la abdi, yaani mja au mtumwa. Na Kiebrania, ndugu wa Kiarabu kwa ukoo, kinalo shina hilo hilo, ila humo limeenea zaidi, kwa kuwa kitenzi kimoja hutumika kwa kuhudumu mbele ya madhabahu na pia kwa kulima shamba. Katika sura ya pili ya Mwanzo, pale mtu wa kwanza anapowekwa bustanini ailime na kuitunza, kitenzi cha kulima ndicho kile kile ambacho katika Kutoka hutumika kwa wana wa Israeli, watolewao Misri ili wamwabudu Mungu mlimani. Msomaji wa Biblia yetu ya Muungano, ijapokuwa tafsiri hiyo ya mwaka 1952 ni kazi ya ufasaha na taadhima kubwa, hauoni udugu huo, maana lugha yetu imeweka jembe upande wake na zaburi upande wake.

Nalitanguliza hili kwa sababu imekuwa dhana ya wengi kwamba kumtukuza Mungu ni kuimba, na kwamba mwenendo wa siku sita zilizobaki ni nyongeza. Sipendi mtu afikiri kuwa naidharau kwaya. Wamisionari wa Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana waliorithi kazi yao katika miaka ya 1920, walikuja na nyimbo za kwao, nao waumini wa kwanza wakajifunza kumhimidi Muumba kwa mahadhi ya Ulaya. Lakini Kinyaturu, kinachosemwa na wengi wa Singida, ni lugha ya toni, ambamo sauti ikipanda au ikishuka maana nayo yaweza kugeuka, na maneno ya lugha ya namna hiyo yakibanwa katika mahadhi ya kigeni huumia kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine. Howard Olson, mmisionari na mwalimu wa chuo cha theolojia cha Makumira, aliyekichunguza Kinyaturu hata akatoa utafiti wa sauti zake na maumbo ya maneno yake mwaka 1964, alikuwa mmoja wa walioitambua taabu hii; akakusanya mahadhi ya wenyeji wa pande nyingi za nchi, na nyimbo hizo zikaingia katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Hiyo ilikuwa huduma adhimu, kwani mtu akimsifu Mola wake kwa sauti aliyolelewa nayo, moyo hautafuti mkalimani.

Hata hivyo sifa, kwa Kiswahili, ni maneno ya kumtukuza mtu na pia ni tabia iliyomo ndani yake. Husema mkulima kwamba mbegu hii ina sifa ya kustahimili ukame, na hapo hasifu chochote, bali anashuhudia. Basi anayeimba kwamba Mungu ni mwadilifu ametoa ushahidi, na shahidi hupimwa kwa mwenendo wake baada ya kutoka barazani. Masista wa Kikatoliki waliofungua hospitali Makiungu mwaka 1954 walikuwa wakishuhudia rehema ya Mungu kwa bandeji na dawa, na sioni kwa nini tuuite ushahidi huo mdogo kuliko wa kinanda.

Jambo hili halionekani waziwazi mahali popote katika Maandiko kuliko katika sura ya kumi na tisa ya Walawi. Sura hiyo huanza kwa amri ya utakatifu, na msomaji hutazamia ukuhani na uvumba. Akiendelea hukuta masazo ya mavuno anayoachiwa maskini pembeni mwa shamba, ujira wa kibarua usiolala kwa tajiri hata asubuhi, na mwishoni mizani, mawe ya kupimia na vipimo vya nafaka. Utakatifu ulioanzia mbinguni umeshuka hata ukaingia katika pishi. Wala si ajabu, maana neno la Kiebrania la utukufu, kavodi, limetokana na shina lenye maana ya kuwa zito, na kumpa Mungu utukufu ni kuukiri uzito wake.

Nani katika Singida asiyejua habari za uzito? Mkulima wa vitunguu, aliyeinama juu ya matuta yake miezi mingi, hufikiwa na mnunuzi atakaye bidhaa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia likijaa hadi mdomoni huongezewa kilemba, kikafungwa kwa kamba juu yake, hata likawa kama mtu aliyembeba mwenziwe kichwani, nayo bei ikabaki ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya nchi inakataza gunia lipitalo kilo 100, lakini mwenye deni la mbegu na ada ya shule hana nguvu ya kubishana kando ya barabara. Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara walioketi siku ya Sabato wakingoja kwa kiu ipite, wapate kupunguza kipimo na kuongeza bei. Wa kwetu amegeuza upande tu, kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi, naye hukuza kipimo. Na huenda jana yake aliimba sauti ya nne kanisani. Kwa Amosi, nyimbo za watu wa namna hiyo zilikuwa kelele ambazo Mungu alitaka ziondolewe, haki ikatiririke mahali pake kama mto usiokauka. Na sisi tuonao mito yetu ikigeuka mchanga kabla ya Agosti twaijua thamani ya mto wa namna hiyo.

Jumapili moja ya Sikukuu ya Mavuno, katika kanisa la kijiji huko Iramba, niliketi nyuma ya mama mmoja mzee. Ilipofika zamu yake alilitua debe la uwele mbele ya madhabahu, akalitikisa, nafaka ikashuka. Akafungua upindo wa khanga yake, akaongeza konzi moja, kisha ya pili, mpaka uwele ukamwagika sakafuni, naye akapiga magoti kuokota punje zilizoanguka, akazirudisha juu ya lile fungu. Hakuna aliyemdai kilemba kile. Baada ya ibada mnada ulifanyika nje chini ya mti, na debe lake likapata mnunuzi. Mzee wa kanisa aliumimina uwele ule katika mfuko, akauning'iniza kwenye mizani, akangoja mshale utulie kabisa, akasoma kilo kwa sauti ile ile aliyosomea Injili asubuhi, na bei ikahesabiwa kwa kilo hizo.