Kidonge cha Miaka Mitano na Taabu Zake

Mwanamke aliyekatwa titi, akastahimili dawa za mishipani na mionzi, kisha akarejea kwao Mbinga au Mbamba Bay akiwa hai, aghalabu hulakiwa kwa shukrani na vigelegele kana kwamba maradhi yamekwisha. Kumbe, ikiwa uvimbe wake ulikuwa wa aina ile inayokuzwa na homoni, mkobani mwake mna kidonge kidogo cha tamoksifeni ambacho hana budi kukimeza kila siku kwa miaka mitano, na pengine kumi, na ambacho kitamletea mambo ambayo jirani zake hawatayaona na yeye mwenyewe huenda asijue asili yake. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba nyingi katika taabu za dawa hii zinafanana na taabu nyingine zilizozoeleka katika nchi yetu, na kwamba asiyeweza kuzipambanua atatibu maradhi asiyo nayo, au ataiacha dawa inayomlinda.

Uhusiano wa saratani ya titi na homoni ulitambuliwa kabla homoni zenyewe hazijapewa jina. Mwaka 1896 George Beatson, tabibu wa mji wa Glasgow, alitangaza kwamba wanawake aliowaondolea mifuko ya mayai, ilhali saratani zao za titi zilikuwa zimekwisha kuenea, walipata nafuu ambayo hakuna aliyeitarajia. Baadaye ikadhihirika kwamba mifuko hiyo hutoa estrojeni, na kwamba chembe za saratani za wanawake wengi, ingawa si wote, zina vipokezi vinavyoishika estrojeni hiyo na kuitumia kukua. Mwaka 1962 Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI nchini Uingereza, aliitengeneza tamoksifeni katika utafiti uliokusudiwa kupata dawa ya kuzuia mimba. Lakini dawa hiyo ilipotumiwa na wanawake ilionekana kuliamsha yai badala ya kulizuia, na kwa kusudi lile la kwanza ikawa haifai. Ndipo Mary Cole na wenzake wa hospitali ya Christie, Manchester, wakaijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya titi, na mwaka 1971 wakaandika kwamba inawasaidia.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kufahamika kwa mtu wa pwani ya Ziwa Nyasa. Mtumbwi uliotangulia kufungwa mahali pa kutia nanga, hata kama hauna shehena, humnyima nafasi mwenye mtumbwi uliojaa. Vivyo hivyo tamoksifeni hukaa katika kipokezi cha chembe ya saratani, na estrojeni ijapo hukosa mahali. Katika titi dawa hii ni mpinzani wa estrojeni, lakini katika mji wa mimba, na katika mifupa ya mwanamke aliyekwisha koma hedhi, hufanya kazi inayofanana na ya estrojeni yenyewe. Na katika tabia hii ya nyuso mbili ndimo zinamotoka faida zake na madhara yake pia. Faida ni kubwa: majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba, kwa wenye uvimbe wa aina hii, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza marejeo ya saratani karibu kwa nusu katika miaka mitano ya kwanza, na vifo vya saratani hiyo takribani kwa theluthi katika miaka kumi na mitano. Ni dawa ya miligramu 20 kwa siku, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa mwanamke ambaye bado anaona hedhi, kama walivyo wengi wapatao maradhi haya katika Afrika, ndiyo nguzo ya tiba ya homoni.

Taabu inayolalamikiwa kuliko zote ni joto la ghafla. Huanza kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka, kisha baada ya dakika chache likatulia na pengine likaacha kibaridi. Katika milima ya Umatengo, ambako mwezi wa Juni na Julai watu hulala chini ya mablanketi mazito, mwenye joto hilo huamka shuka zimelowa. Kando ya ziwa, mita 475 tu juu ya bahari, ambako mwezi wa Oktoba hewa yenyewe ni tanuri, hushindwa kujua lipi ni joto la nchi na lipi ni la dawa. Fauka ya hayo, pwani hii ni nchi ya malaria, na mwanamke atokwaye jasho usiku huambiwa na kila mtu kwamba ana malaria, akanunua dawa dukani, akazimeza, na juma la pili akazinunua tena. Basi na ajue kwamba joto la dawa huja na kupita, na kipimajoto hakionyeshi homa. Lakini mwili ukiwa na homa, au kichwa na viungo vikiuma kwa pamoja, aende zahanati apimwe, kwani kumeza tamoksifeni hakumkingi mtu na mbu. Na jasho la usiku likifuatana na kikohozi cha majuma mawili na kukonda, hiyo ni dalili ya kutafuta kifua kikuu, wala isihesabiwe kuwa ni kazi ya kidonge.

Kwa wengi joto hili hupungua baada ya miezi kadhaa. Husaidia kuvaa kanga nyepesi zinazovulika upesi, kuweka maji ya baridi karibu na kitanda, kuvuta pumzi polepole na kwa kina linapoanza, na kuchunguza vichocheo vyake, ambavyo kwa mmoja ni pilipili, kwa mwingine chai kali au kahawa, na kwa mwingine pombe. Lisipovumilika, zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia.

Taabu ya pili ni ya viungo na mifupa, na hii huwapata zaidi wanaotumia anastrozoli au letrozoli, dawa ambazo hazikai katika vipokezi bali huuzuia mwili usitengeneze estrojeni. Hizi ni za waliokoma hedhi. Aliye bado katika hedhi hazimfai mpaka mifuko yake ya mayai inyamazishwe kwa sindano au iondolewe. Mwanamke huamka vidole na magoti yamekakamaa, na mkulima wa mashimo ya ngoro, ambaye kazi yake ni kupanda na kushuka mteremko na jembe mkononi, hudhani ni baridi yabisi au ni uzee uliokuja kabla ya wakati wake. Dawa hizo hupunguza pia uzito wa mifupa. Kinyume cha mazoea, kulala kutwa hakumfai: kutembea, na kazi yenye kuutumia mwili kwa kiasi, kumethibitika kupunguza maumivu hayo. Samaki wadogo wa usipa waliokaushwa, waliwao pamoja na mifupa yao, ni chakula chenye chokaa nyingi ambacho ziwa lenyewe huwapa watu wake. Maumivu yakizidi, daktari aweza kubadili dawa moja kwa nyingine ya jamii hiyo hiyo, au kumrudisha katika tamoksifeni.

Nije sasa katika mambo ambayo wanawake hunong'onezana. Hedhi huweza kuvurugika au kukatika kabisa. Na aliyekatikiwa na hedhi hudhani hawezi kushika mimba, ilhali dawa hii, kama tulivyoona, ilikwisha dhihirika tangu mwanzo kuwa huweza kuliamsha yai. Mimba ikiingia wakati wa kumeza dawa, mtoto tumboni yumo hatarini. Kwa hiyo kinga ni faradhi, na iwe isiyo na homoni: kitanzi cha shaba au kondomu, wala si sindano, vijiti au vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetamani mtoto asikate tamaa, wala asiiache dawa kwa siri. Aseme, kwani kwa baadhi ya wanawake daktari anaweza kupanga muda wa kusimamisha dawa, wa kungoja itoke mwilini, na wa kuirudia baada ya kujifungua.

Ukeni huweza kuwa na ukavu, au uchafu mwingi kuliko kawaida, na tendo la ndoa likawa maumivu. Hapa mume asipoelezwa hudhani amekataliwa, na mke asipoelezwa hudhani ameharibika. Mafuta laini ya maji yauzwayo katika maduka ya dawa husaidia; mitishamba na sabuni visitiwe humo kamwe, na krimu zenye estrojeni zisitumiwe bila ya ruhusa ya daktari anayeitibu saratani. Huzuni na kukosa usingizi navyo ni vya kusemwa kliniki kwa uwazi ule ule.

Yapo mambo machache yasiyongoja siku ya kliniki. Tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Mkono uliovimba upande wa titi lililokatwa aghalabu ni jambo litokanalo na upasuaji au mionzi. Lakini mguu mmoja uliovimba na kuuma, pumzi zinazokatika ghafla, kifua kinachochoma, kukohoa damu, au upande mmoja wa mwili kulegea, ni sababu ya kwenda hospitali siku ile ile, iwe Liuli, Litembo, Peramiho au Songea, yoyote iliyo karibu. Hatari hiyo huongezeka mtu akikaa kitako kwa saa nyingi, na njia ya basi kutoka Mbinga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 1,000: msafiri na anywe maji, achezeshe nyayo zake kitini, na ashuke atembee kila basi lisimamapo. Vilevile damu itokayo ukeni kwa aliyekwisha koma hedhi, hata ikiwa tone, ichunguzwe mara moja, kwani dawa hii huweza, ijapokuwa ni kwa nadra, kuleta saratani ya mji wa mimba.

Dawa nyingine nazo huweza kugombana nayo. Rifampisini, itibuyo kifua kikuu, huipunguza sana tamoksifeni mwilini; fluoksetini na paroksetini, zitumikazo kwa sonona, hulizuia ini lisiigeuze kuwa yenye nguvu yake kamili; na mwenye kumeza warfarini huweza kutokwa damu kupita kiasi. Jina la tamoksifeni na liandikwe kwa herufi kubwa katika daftari la kliniki, na kila mganga, hata wa zahanati ya kijijini, alione kabla hajaandika lolote. Na kabla ya upasuaji wowote daktari aulizwe kama isimamishwe kwa muda.

Dawa husimama pia kwa sababu ya ufukara. Mkulima wa kahawa hupata fedha zake kwa msimu, na fedha hizo zina wengi wanaozingoja. Basi nyumba ipange mapema, na sehemu ya mapato itengwe kwa nauli na vidonge vya miezi ijayo. Siku moja ikisahauliwa, kidonge kimezwe kinapokumbukwa siku hiyo, wala visimezwe viwili siku ya pili yake.

Hatari kubwa kuliko nyingi nilizozitaja ni kuacha kwa kimya. Mwanamke huona haya kulalamika kwa kuwa ameponywa kifo, akaambiwa ashukuru, akashukuru, na vidonge akaviweka kabatini. Na mwuguzi amwulizapo kama anameza dawa, humjibu kuwa anameza. Swali hilo halitoshi. Mume, mtoto, mwuguzi na mhudumu wa afya wa kijiji na wamwulize dawa inamfanyia nini, na wamsikilize bila ya kumkaripia. Naye aliyechoka, hata akiwa amekwisha kuazimia kuiacha, aende kwanza akaliseme azimio hilo kwa daktari, kwa sababu wakati huo bado ipo nafasi ya kutibu joto, kutuliza viungo, kubadili dawa, au kuipumzisha kwa majuma machache na kuirudia. Tabibu hana tiba ya taabu asiyoambiwa.