Samaki Apandaye Mto

Sisi tukaao Masasi na Newala tu mbali na maziwa makuu, na wenzetu wa juu ya uwanda wa Makonde hata maji ya kunywa yamewapa taabu tangu zamani. Lakini samaki mkavu wa Ruvuma twamjua sana, naye ni kitoweo chetu. Basi leo tutaeleza habari za samaki mmoja wa Ziwa Victoria, jina lake ningu, maana yaliyompata yeye yatufaa na sisi.

Ningu hukaa ziwani, akila vimea vidogo viotavyo juu ya mawe. Mvua kubwa zinyeshapo na mito kufurika, huliacha ziwa akaingia katika mito kama Kagera na Nzoia, akapanda kwa makundi akishindana na mkondo. Kwa nini ajitaabishe hivyo? Kwa sababu hatagi mayai yake ziwani. Hutafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko kandokando ya mto, akataga humo. Mayai huanguliwa upesi, na watoto hupata chakula na maficho katika majani hayo. Maji yapunguapo hurudi mtoni, na mwisho ziwani.

Hapo zamani watu wa huko waliweka nyua za fito mtoni na kutega migono. Walipata samaki wengi, wala ningu hakuisha, kwa kuwa wengi walipita. Mwaka 1905 zililetwa katika ziwa hilo nyavu zinasazo samaki kwa mashavu. Zikaenea, hata watu wakazitega midomoni mwa mito, mahali hasa wapitapo majike wenye mayai. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zenye nguvu zaidi. Ilipofika miaka ya 1960 ningu, aliyekuwa akivuliwa kwa wingi sana, alikuwa amepungua mno.

Mkulima wa kwetu huning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moto jikoni, yapate moshi, wadudu wasiyale. Njaa ijapo huyatazama tu, kwani akiyala hana cha kupanda. Samaki mwenye mayai apandaye mto ni mbegu kama hiyo.

Ruvuma nao una samaki wa ukoo mmoja na ningu. Mto huo ni mpaka wetu na Msumbiji. Basi mtu azibaye njia ya samaki kwa wavu, ukingo hata ukingo, huwanyima kitoweo watu wa pande zote mbili. Wala tusiseme, "Mto ni mkubwa, samaki hawaishi." Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na ningu alipungua humo. Mvua zianzapo tuwaachie samaki njia. Maji yakishuka, na tuvue.