Sykes: Jina la Yorkshire lenye mizizi Inhambane na Singida

Na Mwandishi Wetu, Mtinko

JINA la Sykes si geni masikioni mwa wakazi wa Dar es Salaam. Wazee wanalikumbuka katika historia ya kuundwa kwa chama cha TANU, na vijana wanalisikia katika muziki wa kizazi kipya kupitia kwa msanii Dully Sykes. Ni wachache, hata hivyo, wanaolihusisha jina hilo na Mkoa wa Singida.

Kwa mujibu wa masimulizi ya familia yenyewe, mama wa Kleist Sykes, mtu aliyelifanya jina hilo kuwa la ukoo hapa nchini, alikuwa Mnyaturu. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, ndio wenyeji wa Mtinko, Ilongero, Ikungi na vijiji vingi vinavyouzunguka mji wa Singida. Safari ya jina hilo kutoka Uingereza hadi Kariakoo inaonyesha kile ambacho jina la ukoo huhifadhi, na kile ambacho hukiacha njiani.

Kijito cha Yorkshire

Chimbuko la Sykes ni kaskazini mwa Uingereza, hasa eneo la Yorkshire. Neno lenyewe ni la kale na lilimaanisha kijito au mtaro wa maji, ambao mara nyingi ulikuwa mpaka wa shamba na shamba. Mtu aliyeishi kando ya mtaro wa namna hiyo aliitwa kwa jina lake, akatajwa na mahali pake, na watoto wake wakalirithi.

Majina ya namna hiyo yalianza kuota mizizi Uingereza katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, wakati watawala walipohitaji kumbukumbu za kodi na za umiliki wa ardhi.

Mwaka 2000, Profesa Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye naye alikuwa na jina hilo, alichapisha utafiti wa vinasaba vya wanaume 48 wanaoitwa Sykes. Karibu nusu yao walikutwa na alama moja katika kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume. Yeye na mwenzake walihitimisha kwamba huenda ukoo huo ulianzishwa na mtu mmoja tu.

Ukoo wa Sykes wa Tanzania hauna nasaba na mtu huyo wa Yorkshire. Baba yao alitoka kusini mwa Afrika.

Askari kutoka Msumbiji

Mwaka 1888 wananchi wa pwani walianza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani, wakiongozwa na watu kama Abushiri bin Salim wa Pangani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuizima. Kwa kuwa hakuwa na Wajerumani wa kutosha, aliajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri, na wengine kutoka Inhambane, katika Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Kundi hilo la pili liliitwa kwa ujumla Wazulu, ingawa wengi walikuwa Washangaan.

Miongoni mwa askari hao alikuwamo Sykes Mbuwane. Kwake yeye, Sykes halikuwa jina la ukoo bali jina lake mwenyewe, kama Juma au Petro. Jina lililokuwa la ukoo Yorkshire lilikuwa limegeuka kuwa jina la mtu mmoja kabla halijafika pwani yetu.

Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, lakini askari wa kukodiwa hawakurudi kwao. Wengi walioa wanawake wa nchi hii na kutumwa katika vita nyingine. Kleist, mtoto wa Sykes Mbuwane na mkewe Mnyaturu, alizaliwa Pangani mwaka 1894. Mwaka huohuo, Oktoba 30, majeshi ya Wajerumani yaliiteka Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Masimulizi ya familia yanasema Sykes alizama katika Mto Ruaha wakati wa kurejea kutoka katika vita hivyo.

Mtoto alilelewa na askari mwingine kutoka Msumbiji, Effendi Plantan. Jina la Kleist nalo lilikuwa la kuazima, kwani ni la ukoo wa kikabaila wa Kijerumani wenye asili ya Pomerania.

Jina la baba lageuka la ukoo

Kwa desturi ya sehemu kubwa ya Tanzania, Mtinko ikiwamo, mtu hutajwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Mpangilio huo husogea kila kizazi: jina la babu wa leo litatoka wakati mjukuu atakapopata watoto wake.

Kwa kanuni hiyo, Kleist Sykes maana yake ilikuwa Kleist mwana wa Sykes, na vitukuu wa askari yule wasingekuwa na sababu ya kulitaja jina lake. Kilichotokea ni kwamba jina lilisimama. Kleist aliwahi kuwa askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, baadaye akawa mtumishi wa reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association na katibu wake. Katika ofisi, biashara na nyaraka za vyama, mtu alihitaji jina lisilobadilika.

Kleist alifariki dunia mwaka 1949. Wanawe, Abdulwahid, Ally na Abbas, wote walibaki na jina la Sykes. Abdulwahid, aliyepigana Burma katika kikosi cha KAR, alikuwa kiongozi wa TAA kabla ya Julius Nyerere kuchaguliwa rais wake mwaka 1953. Yeye na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, Julai 7, 1954. Mjukuu, Kleist Sykes, alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hivyo jina lilianza kama la ukoo Uingereza, likawa la mtu mmoja, kisha likarudi kuwa la ukoo katika nchi nyingine na kwa watu wengine kabisa.

Nyumba ya mama

Katika safari hiyo yote, mama Mnyaturu hatajwi na jina. Mbuwane lilipotea, lakini Sykes lilibaki kumwakilisha baba. Upande wa Singida haukuachiwa hata herufi moja.

Jambo hilo linashangaza zaidi linapotazamwa kutoka huku Mtinko. Wanyaturu huhesabu ukoo kwa baba, lakini kijadi mashamba ya mji wenye wake kadhaa hugawanywa kwa nyumba. Kila mke huwa na mashamba ya nyumba yake, na wanawe hurithi yale ya nyumba ya mama yao. Mtu anayeulizwa shamba lake limetoka wapi hawezi kujibu bila kumtaja mama. Jina la tatu katika cheti halisemi lolote kuhusu hilo.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo

Fomu za shule, RITA na NIDA zinahitaji majina yasiyobadilika, wakati familia nyingi bado zinafuata desturi inayosogea. Matokeo yake ni ndugu wa baba mmoja kujulikana kwa majina tofauti. Mfano ulio wazi ni wa mwanasiasa Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, na kaka yake, wakili Alute Mughwai. Majina yote mawili ni ya familia moja, lakini mgeni angeweza kudhani ni watu wa koo mbili.

Kwa watu mashuhuri hilo halileti shida. Kwa mtoto wa mkulima anayefuatilia mirathi au mafao ya marehemu baba yake, tofauti ya jina moja inaweza kumlazimu kula kiapo mbele ya wakili na kutafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba yeye ni mtoto halali. Kwa upande mwingine, kufanana kwa jina hakuthibitishi undugu, kama Sykes wa Yorkshire na Sykes wa Dar es Salaam wanavyoonyesha.

Njia ya kuepuka usumbufu ni familia kuchagua mapema jina la tatu litakaloandikwa kwa watoto wote, na kulitumia hilohilo katika cheti cha kuzaliwa, shuleni na katika kitambulisho cha taifa. Kando ya nyaraka hizo, iandikwe orodha ya nasaba yenye majina ya babu na ya bibi, pamoja na vijiji walikotoka. Gharama yake ni daftari moja na jioni chache za kuketi na wazee wangali hai. Kwa ukoo wa Sykes, jina la askari aliyezama Ruaha limedumu zaidi ya miaka 130, na la mwanamke aliyemzaa Kleist limefunikwa.