Buji iliyojificha: kuibadilisha nyumbani bila kuharibu kulase



Tulifika Ntoto kwa mafunzo ya mbegu za maharagwe, lakini swali la kwanza halikuwa juu ya maharagwe. Baba mmoja alisimama na kusema: "Bwana agronome, mbegu tulizipata, lakini moto ilikufia njiani. Buji yenyewe iko mahali mkono hauingii." Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja pale alijua hadithi ile.

Moto ya koperative yao ilizimika ikiwa na magunia mawili ya mbegu, mwanzo wa Msimu A, mvua zikiwa zimeshaanza. Dereva alikuwa na buji mpya mfukoni. Aliyekuja kumsaidia hakuwa na kle ya buji, akachukua burin na nyundo. Buji ya zamani ikatoka, vipande vipande. Mpya wakaiingiza upande upande, wakaikaza kwa nguvu hadi ikakaa. Moto iliwaka, ikaenda umbali mfupi, kisha buji ikaruka nje na kelele kama risasi. Meno ya kulase yalikuwa yameisha. Moto ilipakiwa juu ya kamio mpaka Goma kwa turneri ili awekewe meno mapya, na mbegu zilifika wakati majirani wameshapalilia mara ya kwanza.

Buji moja haifikishi bei ya kuku. Kulase ni ya alumini, nayo ni laini. Buji ni ya chuma kigumu. Wakipigana, alumini ndiyo inashindwa, kila mara. Ndiyo maana tunaandika leo, hata kama sisi ni watu wa udongo na majani na si mekanisien.

Kwanza mujue buji yenu iko wapi. Kwa moto nyingi zinazopita huku, zile za 125 za mipigo minne, iko buji moja tu, pembeni mwa kichwa cha moteri, katikati ya mabawa ya kupoza. Shida ni chuma cha kukinga miguu na matope yaliyokauka. Moto za Bajaj zenye maandishi DTS-i, kama Pulsar na Discover, zina buji mbili kwa silinda moja. Ya kwanza inaonekana, ya pili iko upande mwingine, na tumekutana na watu walioendesha miaka miwili bila kujua kama ipo. Wanabadilisha moja, moto inaendelea kukohoa, wanamlaumu muuza esansi. Mukibadilisha moja, mubadilishe na ya pili siku ileile. Halafu kuna zile Yamaha AG100 ambazo mashirika mengi yaliacha vijijini: hizo ni za mipigo miwili, na buji inakaa juu ya kichwa cha silinda, chini ya tangi. Hapo musipigane na nafasi ndogo. Mufunge robine ya esansi, muondoe kiti, mufungue tangi, mulivute nyuma au muliondoe kabisa. Ni kazi ya dakika chache, na mkono unaingia bila shida.

Mungoje moteri ipoe. Si kwa sababu ya vidole vyenu tu. Alumini ikiwa na moto, meno yake yanararuka kwa urahisi zaidi. Moto iliyofika saa kumi na moja jioni, ifunguliwe asubuhi.

Kisha usafi, na hapa tunaomba uvumilivu. Njia ya kutoka Ntoto kwenda Masisi haihitaji maelezo: matope yanaingia kila mahali na yanakauka kama tofali kuzunguka buji. Mukifungua hivyo hivyo, mchanga unaanguka ndani ya silinda, na mchanga ndani ya silinda unakula ukuta wake na sigma za pistoni kidogo kidogo. Mutoe kofia ya buji kwa kushika kofia yenyewe, musivute waya. Musugue kwa brosi ya meno ya zamani. Mupulize kwa pompi ya kinga. Kama pompi haiko, mukate kijiti cha jani la papai, kile chenye tundu katikati, mutie ncha moja shimoni na mupulize kwa mdomo, macho mkiyafunga. Mulegeze buji mzunguko mmoja tu, mupulize tena, ndipo muiondoe.

Kle iwe ile ndefu ya bomba, na iwe kipimo chake. Kwa buji za NGK, herufi ya kwanza inasema: C inataka kle ya 16, D inataka ya 18, B inataka ya 21. Kle kubwa kuliko buji inateleza na kuvunja porseleni. Buji ikikataa, musiongeze bomba refu kwenye mkono wa kle. Mudondoshe mazutu kidogo kuzunguka meno, muache usiku mzima, asubuhi mujaribu kulegeza kidogo, kukaza kidogo, kulegeza tena. Inakuja.

Sasa muiangalie. Sisi tumezoea kusoma jani la muhogo na kusema hii ni mozaiki, hii ni njaa ya udongo. Buji pia inasomwa. Rangi ya kahawia nyepesi, kama udongo mkavu wa tofali: moteri iko nzima. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu: esansi nyingi, hewa kidogo, na mara nyingi filta ya hewa imejaa vumbi au staateri ilisahauliwa wazi tangu asubuhi ya baridi. Nyeusi na yenye mafuta: kwa moto ya mipigo minne, mafuta ya moteri yanapanda, sigma au valvu zimechoka, kwa mipigo miwili, mafuta yamezidi kwenye mchanganyiko. Nyeupe, na ncha imeyeyuka kidogo: moteri inapata moto mkali mno, muangalie kama hewa inaingia kwa upenyo, au kama buji si ya aina yake. Kubadilisha buji nyeusi bila kusafisha filta ni sawa na kung'oa mmea mgonjwa na kupanda palepale mwingine wa mbegu ileile.

Kuna wanaomwagia buji ya zamani esansi, wanaiwasha, wanaikwangua kwa kisu. Ukiwa msituni na giza linakuja, fanya, ufike nyumbani. Lakini hiyo si dawa.

Wakati wa kununua, mupeleke ile ya zamani kwa muuzaji na mulinganishe namba zote, si umbo tu. Kwenye D8EA, kwa mfano, 8 ni kipimo cha joto na E ni urefu wa meno, milimita 19. Herufi H ni milimita 12.7. Mukiweka ndefu mahali pa fupi, pistoni inaweza kuigonga. Mukiweka fupi mahali pa ndefu, meno ya kulase yaliyobaki wazi yanajaa masizi, na siku ya kurudisha ndefu ni vita.

Mupime nafasi ya ncha. Kwa buji za aina hiyo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Kipimo cha fundi hakiko kijijini, lakini lame ya si ya kukata chuma ina unene wa karibu 0.6 mgongoni, upande usio na meno. Ipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili. Mukunje ile ncha ya pembeni tu, taratibu. Ile ya katikati musiiguse.

Kurudisha ndiko kunakoharibu watu. Kle isiguse buji mwanzoni. Kama vidole havifiki, mukate kipande cha mpira wa esansi, urefu wa kiganja, mukisukume juu ya kichwa cha buji, pale kofia inapokaa. Sasa muko na kidole kirefu kinachopinda. Mushushe buji mpaka shimoni, kwanza muzungushe kuelekea kushoto, polepole, mpaka musikie inaanguka kidogo, tik. Hapo meno yamekutana. Ndipo muzungushe kuelekea kuume. Kama imeingia upande, mpira utateleza juu ya buji kabla meno hayajaumia, na hiyo ndiyo faida yake kubwa: hauna nguvu ya kuharibu. Mutoe, muanze tena, hata mara kumi. Buji iliyo sawa inaingia kwa mpira peke yake karibu mpaka mwisho.

Ikikaa, muondoe mpira, muchukue kle. Buji mpya yenye rondeli yake: karibu nusu mzunguko, basi. Buji iliyotumika, ambayo rondeli yake imeshabanwa: kusukuma kidogo tu. Vijana wanapenda kumaliza kwa mguu juu ya kle, na wanafanya hivyo kwa nia njema. Tunawaomba wazazi wa koperative wawazuie.

Mukitaka kuona cheche kabla ya kurudisha, buji iguse chuma cha moteri mbali na shimo lake, mushike kofia na si chuma, na bidon ya esansi iwe mbali. Mvuke unaotoka shimoni unawaka.

Baba yule wa Ntoto alituuliza nani atunze vifaa hivi. Kwao wamempa mama anayetunza kasa ya koperative: kle, brosi, kipande cha lame, mpira, na buji moja ya akiba ndani ya chupa ndogo ya plastiki iliyofungwa vizuri, maana unyevu wa huku unaingia hata ndani ya sanduku. Juu ya chupa ameandika tarehe buji ya mwisho ilipowekwa, na dereva anapokuja kuomba nyingine lazima kwanza amuonyeshe rangi ya ile aliyoitoa.