Mtungi wa ruzuku na bei ya maharage: jiko lipi linalipa Singida?

Kwa nusu bei, mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo chake ni kitu cha kununua bila kujiuliza mara mbili. Ndivyo wengi walivyofanya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipopeleka mitungi ya ruzuku wilayani: 3,255 kwa kila wilaya, 452,445 kwa nchi nzima, mnunuzi akilipa nusu na serikali ikibeba nusu. Kwa wilaya tano za mkoa wa Singida, yaani Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, mgawo huo unafikia mitungi 16,275. Aliyekuwa na kitambulisho cha NIDA na noti mbili za elfu kumi aliondoka na moto wa gesi. Hesabu ngumu inakuja baada ya wiki mbili au tatu mtungi ukiisha, maana kujaza hakuna ruzuku.

Uingereza, serikali ilipotaka kuwapunguzia wanyonge gharama za nishati, iliwawekea vihami joto kwenye kuta na dari za nyumba zao. Mpango wa Warm Front ulifanya hivyo kuanzia mwaka 2000 hadi 2013, kwa sababu kule sehemu kubwa ya nishati ya nyumbani ni ya kupasha vyumba joto. Kwetu inaishia jikoni. Utafiti wa mwaka 2019/20 ulikuta asilimia 63.5 ya kaya za Tanzania Bara zinapikia kuni, 26.2 mkaa, na 5.1 tu gesi. Ndiyo maana fedha ya serikali inakwenda kwenye majiko, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameuacha moshi ifikapo 2034. Mimi naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Ila mnunuzi wa Ikungi au wa Nduguti kule Mkalama anahitaji kujua jambo moja ambalo tangazo la ruzuku halimwambii: sufuria moja itamgharimu shilingi ngapi, leo na mwezi ujao.

Kipimo changu ni maharage ya nusu kilo, kwa sababu hapo ndipo nishati inapoliwa. Mlenda ni dakika chache, ugali wa uwele hauchukui hata nusu saa. Maharage makavu ni saa mbili na zaidi, na Singida yana ugumu wake. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukichochea moto zaidi hupati joto zaidi, unapata mvuke mwingi tu. Mpishi wa Tanga, pwani, na mpishi wa Kiomboi, Iramba, wakibandika maharage ya gunia moja kwa wakati mmoja, wa Tanga atapakua kwanza. Makande ndiyo usiseme.

Tuanze na kuni, ambazo wasiozibeba huziita za bure. Mafiga matatu yanapeleka kwenye sufuria sehemu kama moja tu kati ya kumi ya joto la kuni, na upepo wa kiangazi wa Singida, unaovuma mchana kutwa, unapunguza hata hiyo. Jiko banifu linaweza kukata kuni karibu nusu. REA inasambaza vijijini majiko banifu ya kiwandani kwa ruzuku inayobeba sehemu kubwa ya bei, na kwa kaya inayookota kuni hii ndiyo ruzuku ya kukimbilia kwanza, kabla ya mtungi, kwa sababu haileti bili mpya.

Usipoipata, lipo jiko la udongo la kujengwa nyumbani. Chukua udongo wa kichuguu, mchanga, na samadi ya ng'ombe au majani makavu yaliyokatwakatwa. Kanda mpaka ushike, jenga ukuta kuzunguka sufuria unayoitumia kila siku, kisha acha kati ya sufuria na ukuta nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Nafasi hiyo ndiyo jiko lenyewe: ikiwa pana, moto unakimbia pembeni, ikiwa finyu, moshi unarudi usoni. Liache likauke wiki mbili au tatu kivulini kabla ya kuwasha. Wenye haraka huliwasha siku ya nne, linapasuka, kisha wanasema majiko banifu hayafai.

Mkaa una bei mbili, ya gunia na ya kopo, na maskini ndiye anayelipa iliyo kubwa. Kaya inayonunua kopo la 1,500 kila siku inamaliza mwezi imelipa 45,000. Haisikii uchungu kwa sababu fedha imetoka kidogo kidogo. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, tanuri zinalowa na barabara zinaharibika, kopo linapungua ujazo kabla hata bei haijatajwa. Kwa sufuria ya maharage, kadiria mkaa wa shilingi 800 hadi 1,000 kwenye jiko la bati la kawaida. Jiko lenye udongo wa kuchoma ndani linapunguza vizuri, na kwa mtumiaji wa mkaa kulinunua ni akiba inayoonekana ndani ya wiki chache.

Sasa gesi. Tuseme kujaza kilo 6 ni shilingi 24,000; weka bei ya dukani kwako ufanye hesabu upya. Kaya ya watu watano inayopikia gesi peke yake itaumaliza mtungi kwa wiki mbili hadi tatu, yaani kati ya 35,000 na 50,000 kwa mwezi. Hapo gesi na mkaa wa kopo vinalingana. Kinachoishinda gesi ni namna fedha inavyotoka: mkaa unakubali buku leo na buku kesho, mtungi unataka 24,000 kwa mkupuo. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, au mkulima wa alizeti anayeshika fedha mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, tofauti hiyo ndiyo inayouacha mtungi uvunguni ukiwa mtupu. Dar es Salaam ilishaonyesha kwamba gesi inaweza kuuzwa kwa mita, mtu akalipia kidogo kidogo kwa simu. Serikali ikitafuta pa kuweka ruzuku inayofuata, mimi ningeomba ielekee huko kabla ya kuongeza mitungi mingine.

Mwenye mtungi tayari asiupikie maharage. Gesi ni ya chai ya asubuhi, uji wa mtoto, mboga na ugali: vitu vinavyotaka moto wa haraka unaopunguzika. Ukiitumia hivyo, kilo 6 zinaweza kufika mwezi na kupita.

Ruzuku kubwa kuliko zote haina uzinduzi wala foleni, imo ndani ya mita ya LUKU, na watu wengi wanayo bila kuitumia jikoni. Wateja wadogo wa TANESCO walio kundi la D1 wanalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA 3 na ya EWURA 1, inakuwa 122. Walio kundi la T1 wanalipa 292, ambayo kwa kodi na tozo inafika 356. Kujua uko wapi ni rahisi: nunua umeme wa 1,000. Ukipata uniti 8 na kidogo, uko D1, ukipata 2.8, uko T1. Kama mita yako hukatwa kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi, pima kwenye manunuzi ya pili, si ya kwanza.

Sufuria ya maharage kwenye presha kuka ya umeme inakula kama nusu uniti. Kwa D1 ni shilingi 61. Kwa T1 ni 178. Linganisha na mkaa wa 800. Chombo hiki kina nguvu kwa sababu mbili ambazo zote zinatufaa hasa sisi wa nyanda za juu: presha inapandisha maji hadi nyuzi 110 na zaidi, kwa hiyo mwinuko wa Singida hauna tena la kusema, na ukuta wake ni wa tabaka mbili, joto halitoki, umeme unajikata wenyewe na chakula kinaendelea kuiva.

Bei yake ndiyo kikwazo. Tuseme 120,000. Kaya ya D1 inayopika maharage au makande mara nne kwa wiki inaokoa kama 3,000 za mkaa kila wiki, kwa hiyo fedha inarudi baada ya wiki 40, miezi tisa na siku kadhaa. Ugali ndani ya presha kuka ni mapambano. Chungu kinazunguka na mwiko. Usiulazimishe.

Uniti 75 zinatosha? Taa nne za LED za wati 7, saa tano kila usiku, ni uniti 4 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni 7.5. Simu na redio, weka 1. Jumla haifiki 13. Presha kuka ikila uniti moja kila siku, 30, unafika 43 na bado una nafasi. Ukiweka friji inayokula 35, umevuka 75, na kila uniti inayozidi inatozwa 350 kabla ya kodi na tozo. Ukizidi mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1. Na angalia balbu. Balbu nne za zamani za wati 60 kwa saa hizohizo tano zinakula uniti 36, karibu nusu ya mgawo wako wote, na hujabandika hata maji ya chai. Kabla ya kununua jiko lolote la umeme, badilisha balbu. Koili ya kuchemshia maji ya kuoga nayo ni mlaji wa kimyakimya.

Kwa ambaye nguzo imefika kijijini lakini bado hajavuta umeme, gharama ya kuunganishwa vijijini ni 27,000, wakati mteja wa mjini analipa 320,960 tangu 2022. Anayejenga pembezoni mwa Singida Mjini aulize mapema eneo lake limewekwa upande gani. Na mwenye umeme unaokatika mara kwa mara, au ulio dhaifu jioni kwa sababu yuko mwisho wa laini, apike maharage mchana.

Kuna njia moja isiyo na ruzuku wala bili: kapu la kutunzia joto. Kapu la ukindu, ndani lishindiliwe mabaki ya nguo, pamba au nyasi kavu, unene wa kiganja kila upande, na mto wa kufunika juu. Loweka maharage usiku, yachemshe vizuri nusu saa, funika sufuria, itumbukize kapuni, usifunue kwa saa nne. Yatakuwa yameiva au yamebakiza kuchemka kidogo tu. Unakata zaidi ya nusu ya moto, uwe wa kuni, mkaa au gesi.

Nyumba yenyewe haina ruzuku, lakini ina gharama. Tembe za Wanyaturu na Wagogo, kwa paa zake nene za miti na udongo, zilikaa baridi mchana na vuguvugu usiku. Bati lilituondolea uvujaji na mchwa wa darini, nasi tukafanya vyema kulichagua, ila tuliliweka bila kitu chini yake. Juni na Julai upepo wa baridi unapoingia, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na kulala. Mkaa huo unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Dari, hata ya mikeka iliyopigiliwa misumari kwenye mbao, ukiziba na nafasi kati ya ukuta na bati upande wa upepo, inabakiza joto la watu chumbani. Fanya chumba cha kulala watoto kwanza. Jikoni fanya kinyume: acha tundu kubwa juu, hewa itoke.

Kabla ya kulipia chochote, muulize muuzaji maswali haya. Mtungi: chapa hii inabadilishwa kijijini kwangu, au nitapanda bodaboda ya 5,000 kwenda mjini kila unapoisha? Nauli hiyo iongeze kwenye bei ya gesi, maana ndiyo bei halisi. Presha kuka: mpira wa mfuniko unapatikana wapi ukichakaa, na dhamana ni ya muda gani? Jiko banifu: kipande cha udongo cha ndani kikipasuka, kinauzwa peke yake? Muuzaji asiye na jibu la swali lake, usimpe fedha yako, hata kama bei imepunguzwa.