Ushirika wa Uongo

Upo wizi usiovunja mlango wala kumkaba mtu njiani, bali humwita ndugu. Mtu hujikuta ameingizwa katika kundi la mazungumzo la WhatsApp au Telegram. Humo hukuta mamia ya watu wakipongezana kwa faida, na "mwalimu" mmoja mpole akiwaelekeza. Baada ya siku kadhaa hupewa siri: hisa fulani, au sarafu fulani ya kidijitali, karibu itapanda bei, basi na tununue pamoja, tutajirike pamoja. Maneno hayo ni matamu kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo yampasa kila mwenye akiba, iwe ya SACCOS au ya kiinua mgongo, aielewe hila hii kabla hajatoa hata senti moja.

Hila yenyewe ni hii. Wakubwa wa kundi huchagua kwanza kitu chenye wanunuzi wachache: hisa za kampuni ndogo, au sarafu isiyojulikana. Kitu chenye soko kubwa ni kizito kukiinua, lakini kilicho na soko dogo hupanda bei kwa msukumo mdogo. Wao hununua kimya kimya, siku nyingi mbele. Ndipo hutoa tangazo. Wanachama hukimbilia kununua, bei huruka, na kila aionaye ikiruka huamini kwamba aliyoambiwa ni kweli. Wakati huo huo wakubwa huwauzia wanachama hao vile walivyovinunua kwa bei rahisi. Wakiisha kuuza, hapana tena anayenunua, na bei huanguka kama jiwe.

Na tupige hesabu. Tuseme wakubwa wamenunua hisa 100,000 kwa shilingi 50 kila moja. Wametoa shilingi milioni 5. Siku ya tangazo wawauzia wanachama kwa shilingi 200. Wapokea milioni 20. Bei ikirudi shilingi 50, wanachama wabaki na mali ya milioni 5 waliyoinunua kwa milioni 20. Je, zile milioni 15 zimekwenda wapi? Hapana kiwanda kilichojengwa kwazo, wala shamba lililolimwa, wala gunia moja la mahindi lililoongezeka duniani. Zimetoka mifuko ya wengi zikaingia mifuko ya wachache. Wahenga walisema: cha mlevi huliwa na mgema.

Ubaya mkubwa wa watu hawa ni kwamba wamevaa vazi la ushirika. Husema "sisi", husema "pamoja", husema "familia yetu". Lakini katika ushirika wa kweli wakulima hukusanya pamba au kahawa waliyoivuna kwa jasho lao. Hesabu husomwa mbele ya wanachama. Viongozi huchaguliwa, na wakikosa huondolewa. Katika kundi hili hapana hesabu inayosomwa, wala hajulikani aliyemchagua mkubwa, wala jina lake la kweli halijulikani. Tena, faida ya mmoja haina budi kuwa hasara ya mwenziwe, kwani hapana mali mpya iliyozalishwa. Haiwezekani kamwe wote watajirike. Mwanachama wa kundi hili si mwenzao, bali ndiye soko lao.

Wala hila hii si mpya. Katika miaka ya 1920 matajiri wa New York walikuwa wakiungana kupandisha bei za hisa na kuwauzia watu wa kawaida, hata sheria ya Marekani ya mwaka 1934 ikakataza michezo hiyo. Mtandao ulipoingia, mwaka 2000, kijana wa miaka 15 wa jimbo la New Jersey alitakiwa na wasimamizi wa soko kurudisha dola 285,000, faida pamoja na riba, kwa shutuma kwamba alinunua hisa ndogo kisha akazisifu kwa mamia ya ujumbe wenye majina ya uongo. Mwaka 2018 gazeti la The Wall Street Journal lilieleza kwamba katika miezi 6 liliona michezo 175 ya namna hiyo, iliyohusu sarafu 121 za kidijitali. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kukamata dola zipatazo milioni 214 katika kesi ya hisa za China Liberal Education Holdings. Waendesha mashtaka walidai kwamba watu waliojifanya washauri wa fedha waliwahimiza wengine kuzinunua hisa hizo, kisha bei ikaporomoka ghafula mwezi Januari.

Wako wajanja wasemao: "Najua ni mchezo, lakini mimi nitanunua mapema na kuuza mapema." Na wajihadhari! Watafiti wawili walichunguza matukio 412 ya Telegram ya miaka ya 2018 na 2019, wakaona dalili za watu kununua kabla ya tangazo kutolewa. Basi asomaye tangazo amekwisha kuchelewa, hata akiwa wa kwanza kulisoma. Tena, kushiriki kwa makusudi katika kuipotosha bei si ujanja bali ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, inayokataza kuchezea bei za soko, na Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo.

Dalili zake hazifichiki kwa mwenye kutulia. Ukiharakishwa ununue sasa hivi, simama. Ukiambiwa usimwambie mkeo, mumeo wala mwenzio kazini, jua kwamba jambo jema haliogopi shahidi. Ukionyeshwa picha za faida za watu usiowajua, kumbuka kwamba mtu mmoja aweza kuwa na simu kumi na majina kumi. Ukikatazwa kuuza wakati bei imepanda, elewa kwamba kuna mwingine anayetaka auze yeye kwanza. Na jiulize swali moja: ikiwa mtu huyu ana hakika kwamba bei itapanda, kwa nini anitafute mimi asiyenijua?

Mwenye kutaka kununua hisa na aende kwa dalali mwenye leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, asome hesabu za kampuni, wala asikope fedha kwa kazi hiyo. Aliyekwisha kudanganywa asifute ujumbe. Autunze, autoe taarifa polisi na kwa mamlaka hiyo. Ajihadhari pia na mtu wa pili atakayekuja kumwahidi kumrudishia fedha zake kwa malipo ya mbele, kwani huyo naye mara nyingi ni mwizi yule yule amebadili kanzu.

Juu ya yote, aliyepoteza asinyamaze kwa haya. Wezi hawa huishi kwa ukimya wa walioibiwa. Mfanyakazi mmoja akisema waziwazi kazini kwake yaliyompata, huenda akaokoa akiba za wenzake ishirini, na huo ndio ushirika wa kweli.